Ruhusa ya Kuona Mawe Mekundu

Jumanne, saa nne asubuhi, vijana waligonga mlango wetu katika mtaa wa Katuba wakatuamuru turudi kwetu Kasai. Mimi na mume wangu tulizaliwa hapa hapa Lubumbashi. Wazazi wetu ndio waliotoka Kasai; sisi hatukuwa tumeiona.

Tukalala kwenye kituo cha treni pamoja na familia nyingi. Mume wangu alikuwa na homa, na dawa hazikupatikana. Alikuwa amebeba kalenda yenye picha ya mawe marefu mekundu jangwani, katika nchi ya Wanavaho, wenyeji wa asili kule Amerika. Chini yake yaliandikwa masharti kwa wageni. Aliitandaza magotini, akaanza kupanga safari.

"Tutabeba maji mengi na kofia yako ya kanisa," aliniambia.

Mama mmoja, muuza samaki, akamtania: "Papa, treni ya Kasai haifike, na weye uko napanga ya Amerika?"

Akainua kidole polepole kama katekista. "Mama, kule mugeni anaomba ruhusa kwa benye inchi. Banamupatia muntu wa kumuongoza, banamurudisha muzima. Hapa bananiita mugeni. Sasa muntu wa kuniongoza iko wapi?"

Watu wakacheka, hata kijana aliyetulinda kwa panga.

Treni ilipofika, nilipanda peke yangu na kalenda.

Jangwa lile lina adabu kwa wageni, wasomaji wangu. Mji wetu ulikosa adabu kwa watoto wake.

Bwana, mpe pumziko la milele. Usimpokee kama mgeni. Kwako awe mwenye nchi. Amina.