Vidole Vinne vya Upindo

Watu wa mtaani walimwita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, na jina hilo lilimkaa kama nguo aliyojishonea mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani wa nguo za watoto, mwanamke wa miaka arobaini na ushei, na hakuna aliyewahi kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa amekaa kwenye kiti kimoja. Funda la kwanza alilinywa dirishani, la pili mlangoni, na kilichobaki alikisahau juu ya rafu ya vitambaa mpaka nzi wakakirithi. Mdogo wake, aliyefanya naye kazi ya kutia vifungo na kupiga pasi, alisema siku dada yake akifa, jeneza litabidi litiwe magurudumu.

Kila mwaka ulipokaribia kwisha, Kiguu alipata jambo jingine la kumnyima utulivu. Kulikuwa na ukurasa mtandaoni ambao watu wasiojuana waliandika matakwa yao ya sikukuu. Sharti lilikuwa kwamba ombi liwe dogo: soksi, kitabu cha picha, salamu kwa bibi asiyepata wageni. Hakuna aliyetaja jina lake halisi. Ukiona ombi unaloliweza, unaandika chini yake "Nimelichukua," na kuanzia hapo ni mzigo wako. Unatuma zawadi, unamtakia heri, basi. Kiguu alikuwa ameshachukua maombi kumi na moja. Alipenda kutoa, hilo halina ubishi, lakini alipenda pia kuwahi, kuandika lile neno kabla mtu wa mji mwingine hajanyanyua kidole.

"Wewe husomi, unarukia," mdogo wake alimwambia.

"Nikikaa kusoma, wenzangu watanipokonya."

Mwaka huo alirukia ombi la mtu aliyejiita Jirani wa Mbali. Mistari ya kwanza ilisema: gauni la binti wa miaka minane, rangi ya chungwa lililoiva, alivae siku ya sikukuu. Vipimo vilifuata. Maelezo yaliendelea chini, lakini ili kuyaona ilibidi ubonyeze tena, na Kiguu hakubonyeza. Kitambaa cha rangi hiyo alikuwa nacho. Mkasi ulikuwa tayari mkononi.

Alilishona kwa siku mbili: kola ya duara, mikono ya puto, mifuko miwili mikubwa, maana aliona wasichana wananyimwa mifuko bila kosa lolote. Mwisho akafanya alichokifanya kwenye kila nguo ya mtoto iliyotoka mikononi mwake. Alikunja upindo mpana, vidole vinne kamili, akaushona kwa mkono kwa uzi mwepesi unaofumuka bila kuacha alama. Mtoto akirefuka, mama anafumua, gauni linaendelea na maisha. Alifundishwa hivyo tangu siku alipoanza kujifunza kazi, na hakuwahi kulihoji jambo hilo. Kisha akabandika kwa pini kikaratasi chake cha siku zote: "Heri ya sikukuu, mwanangu. Nimeacha vidole vinne chini. Mwakani ukizidi urefu, mwambie mama afumue."

Kifurushi alikipeleka asubuhi. Saa sita mchana mdogo wake, akisubiri pasi ipate moto, akafungua ukurasa ule kwenye simu. Pasi ikapata moto, naye hakuinuka.

"Dada, ombi la gauni ulilisoma lote?"

"Nilisoma vipimo. Kwani vipi?"

"Njoo usome mwenyewe."

Akasoma akiwa amesimama. Jirani wa Mbali alikuwa ameandika kwamba binti yake anaumwa tangu mwaka uliopita, na daktari amewaambia wasipange mambo ya mbali. Ndiyo maana alitaka sikukuu hii mtoto apendeze.

Kiguu alirudisha simu mezani kama kitu cha moto. Neno lililomrudia kichwani lilikuwa moja tu, nalo aliliandika yeye kwa mwandiko wake mzuri: mwakani.

Alifika ofisi ya vifurushi akihema, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Karani alikuwa anagonga mihuri.

"Gari limeondoka saa nne, mama."

"Mpigie dereva asimame."

"Asimame nimwambieje? Gauni limekosewa?"

"Halijakosewa. Kuna kikaratasi ndani."

"Kikaratasi!" Karani aliwatazama watu kwenye foleni kama anayeomba mashahidi. "Dada yangu, gari hilohilo limebeba majokofu, na wenye majokofu wametulia."

Watu wakacheka. Kiguu naye angecheka siku nyingine. Alizunguka kaunta mara mbili, akatoka bila kuaga.

Siku tatu zilizofuata alikuwa mtu wa kumhurumia. Alishona mkono wa kulia upande wa kushoto, akafumua, akaushona palepale tena. Aliandika ujumbe kwa Jirani wa Mbali, akaufuta. Akaandika mwingine, mrefu zaidi, akaufuta.

"Mwombe radhi tu yaishe," alijiambia kwa sauti.

"Radhi ya nini?" mdogo wake akauliza, sindano ikiwa mdomoni. "Labda hajauona huo upindo. Ukimwandikia, wewe ndiye utakayemwonyesha."

"Na kama ameuona?"

"Basi ameshauona."

"Nawe unasema hivyo umekaa!"

"Ulitaka niseme nikiruka?"

Hakuweza kumweleza mdogo wake kilichomchoma. Hakuogopa kulaumiwa. Aliogopa kwamba mahali fulani, katika chumba asichokijua, mama mmoja alijitahidi kupata siku moja isiyo na kesho ndani yake, na yeye akamtumia kesho hiyo ikiwa imekunjwa na kushonwa vizuri.

Siku moja kabla ya sikukuu simu iliita. Namba ngeni.

"Wewe ndiye fundi wa gauni? Namba nimeikuta kwenye kifurushi."

"Ndiye mimi."

"Nilitaka kukutukana," sauti ya mwanamke ikasema, bila ukali. "Jana nilikuwa tayari kabisa."

Kiguu alianza kuzunguka meza ya kukatia. "Nitukane, dada. Sikusoma ombi lako lote. Mimi ni mtu wa haraka, na ile karatasi naiweka kwa kila mtoto."

"Aliifungua binti yangu mwenyewe. Akaisoma kwa sauti, mimi nimeshika dawa yake. Akaniuliza, mama, kwani mwakani nitakuwa nimezidi urefu?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia naja. Nikaenda jikoni nikakaa chini. Sasa tangu asubuhi ananisumbua tufumue leo. Anasema mwakani ni mbali, yeye anataka refu sasa hivi. Nikifumua naona kama nakubali kwamba mwakani hatafika. Nisipofumua naona kama namdanganya. Wewe ndiye uliyeandika. Sema wewe, nifumue au nisifumue?"

Kiguu alisimama, kisha akaendelea kuzunguka. Maneno matamu yalimjia mengi, ya kadi za sikukuu, na kila moja lilimnukia uongo kabla hajalitamka. Akashika alichokijua.

"Amelivaa?"

"Amelivaa, amegoma kulivua."

"Linaishia wapi?"

"Juu ya goti. Fupi kidogo, kusema kweli."

"Haiwezekani. Kwa vipimo ulivyoandika linatakiwa lifunike goti. Ulimpima lini?"

"Sikumpima. Alikuwa amelala, sikutaka kumwamsha. Nilipima gauni lake la mwaka jana, lile alilolivaa kabla hajaanza kuumwa."

"Basi mpime sasa. Kuanzia begani mpaka katikati ya goti. Mwambie asimame wima."

Zikasikika hatua, kiti kikaburutwa, na sauti ndogo ikalalamika kwamba futi ni ya baridi. Mama akarudi, akataja kipimo. Kiguu hakuhitaji kutazama tena vipimo vya ombi.

"Rudia."

Akarudia.

"Amekua," Kiguu akasema. "Amezidi lile gauni la zamani kwa vidole viwili."

"Amekua?" Mwanamke alilisema kama mtu aliyeletewa kitu asichokiagiza. "Na hali hii yote? Mimi namwona amepungua tu."

"Amepungua upana. Urefu ameongeza. Futi haina huruma wala chuki, dada. Fumua viwili, ni haki yake ya leo."

"Vyote!" sauti ndogo ikapiga kelele kwa nyuma.

"Mwambie viwili. Vingine hajavifikia bado, utavikunja upya."

Upande wa pili Kiguu alisikia mtu akivuta pumzi na kuzuia kitu fulani, hakujua kama ni kicheko.

"Mimi sijui kushona," mama akasema hatimaye. "Naanzia wapi?"

"Mshono wa ubavuni. Una mkasi mdogo?"

"Ninao."

"Kata uzi mmoja tu, kisha uuvute taratibu. Ukikaza, usilazimishe, tafuta fundo." Alikuwa ameshafika mlangoni, akageuka, akarudi dirishani. "Umelipata?"

"Subiri. Mwanangu, simama vizuri, acha kucheza. Hili hapa, nimelipata."