Al-Fatiha Kwenye Kundi la Familia

Ustadhi wetu wa mtaa wa Kamunyonge hutufundisha wanawake watu wazima kwa simu. Asubuhi anatuma sauti yake akisoma aya, nasi kila mmoja anajirekodi na kumtumia, kisha anajibu: hapo umevuta mno, herufi hiyo itoke kooni, rudia. Niliupenda utaratibu huo kwa sababu ya aibu. Mtu mzima na duka lake la vitenge mtaani Mukendo, nikakae mkekani na watoto wa chekechea wanicheke? Hapana.

Siku hiyo nilijifungia stoo nikasoma Al-Fatiha nzima, kwa mara ya kwanza bila kukwama. Nilifurahi mno. Kwa furaha hiyohiyo, badala ya kumtumia ustadhi, nikaituma kimakosa kwenye kundi la familia.

Nilikuwa nimesilimu miezi saba iliyopita, na mama yangu aliyeko Butiama alikuwa hajui. Mama ni mtu wa jumuiya, kanisani hakosi. Kusoma hajui, kwa hiyo kwenye simu husikiliza sauti tu, tena kwa spika, uani, majirani wote wasikie. Nilifuta haraka, lakini maji yakishamwagika hayazoleki. Dada yangu wa Bunda akapiga papo hapo: "Wewe, mimi nimeshasikia. Mama je?"

Sikujua. Nilikaa, nikasimama, nikamkatia mteja kipande kifupi hadi akafoka. Mwisho nikafunga duka mchana kweupe, nikapanda gari la Butiama. Njia nzima nilitunga uongo: lilikuwa tangazo la biashara, au mtoto wa mteja alichezea simu. Nilijichukia, na bado nikaendelea kutunga.

Nilimkuta mama anamenya mihogo. Akanipa simu hata kabla sijakaa.

"Kuna kitu umetuma hapa, nabonyeza hakiongei. Ni nini?"

Hakuwa amesikia. Ningeweza kupona. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, na sijui nini kilinishinda; labda nilichoka kuhangaika. Nikamwambia nimesilimu, na kwamba kile kitu kilikuwa Al-Fatiha. Akataka aisikie. Nikamsomea palepale, nikakosea mahali ambapo asubuhi sikukosea.

Mama akaweka kisu chini. "Tangu lini?"

"Mwezi wa kumi."

Akahesabu miezi kwa vidole. "Krismasi si ulikujaga hapa? Nikakwambia utuombee chakula, ukaomba mpaka nikalia. Ulikuwa unaigiza?"

"Hapana, mama. Nilikuwa naomba kweli."

Akaokota kisu, akachukua muhogo mwingine.

"Nataka nikuamini," akasema. "Ila leo siwezi."