Panya wa Kijani na Maradhi ya Mdogo Wangu

Kazi yangu ughaibuni ilikuwa kuua panya. Nikisema utafiti wa kinga ya mwili, watu wa nyumbani huitikia "mashallah" wakabadilisha mazungumzo, kwa hiyo nasema panya. Walikuwa weusi, wamezalishwa kwa namna ya pekee: seli yao yoyote ikitengeneza protini ya kuita kinga vitani, nayo inang'aa kijani. Protini hiyo ukiikuta kwenye damu hujui imetoka wapi; ni kama kusikia harufu ya vitunguu vikikaangwa mtaani usijue jiko la nani. Basi unamuua panya, unakata wengu vipande vyembamba, unatazama kwa hadubini, na wapishi wote wanaonekana.

Nilirudi kijijini kwetu Wesha kwa sababu mdogo wangu alikuwa hoi. Viungo vimevimba, mafigo yamechoka. Daktari wa mjini Chake alishasema kinga yake inampiga mwenyewe. Mama hakutaka kusikia. Kwake maradhi yametumwa, na aliyeyatuma ni mdogo wake wa Mgogoni, wa tumbo moja, ambaye tangu vyama vingi virudi yuko chama kile na sisi hiki. Miaka ile watu walisusiana maduka, wakasusiana hata maziko. "Kikulacho ki nguoni mwako," mama alisema kila siku. Na huyo mama mdogo ndiye aliyemlea mgonjwa tangu kuacha ziwa. Mgonjwa aliomba kitu kimoja tu: mama mdogo aitwe.

Nikamwonyesha mama picha ya wengu wa panya kwenye kompyuta.

"Hivi vya kijani ndo wadudu?"

"Si wadudu, mama. Ni seli za panya mwenyewe. Zinaita vita na adui hayupo."

"Kazituma nani?"

"Hakuna."

"Hapana ntu?"

"Hapana, mama. Na mwanao ni vivyo hivyo."

Nilieleza kwa sauti ile ile ya kufundishia. Nilikuwa na ganzi tangu nishuke uwanja wa ndege. Hata hasira niliijua ipo bila kuisikia. Mama aliitazama picha muda mrefu. Aliifahamu vizuri.

"Ikiwa si yeye," akasema, "miye n'tamwambiaje mdogo wangu? Miaka yote hii?"

Akainuka akaenda kuosha mchele. Hakumwita. Nilituma salamu Mgogoni mimi mwenyewe. Jibu likaja kwamba bila neno la dada yake hakanyagi kizingiti chetu. Mama akaendelea kusema ni yeye, ila sasa alisema bila kunitazama.

Mdogo wangu alifariki kabla ya Ramadhani. Sikulia. Nilipokea mikono ya watu, nikagawa kahawa, nikaosha vikombe.

Mama mdogo alikuja mazikoni peke yake, akasimama mlangoni na buibui lake, hajui aingie au arudi. Mama akajisogeza kwenye mkeka, akapigapiga kwa kiganja mahali pa kukaa kando yake.

"Njoo ukae," akamwambia. "Mwanao kakungoja sana."