Kunguru wa Ziwani na Kunguru wa Mlimani

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, pale Kimanga kando ya ziwa, tulijua kunguru wa aina mbili. Wa ziwani alivaa fulana nyeupe kifuani. Akitua uani, mgeni yuko njiani, nasi tulimtupia vichwa vya ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwa furaha. Wa mlimani alikuwa mkubwa, mdomo mnene, mbele mweusi tititi, weupe wake uko nyuma ya shingo tu. Huyo akishuka mpaka ziwani, alisema Koko, mama mzaa baba, nyumba aliyoitulia ihamwe kabla jua halijazama. Koko alizaliwa Lemera, na kwa mambo ya mlimani hakuna aliyethubutu kumbishia.

Uhuru ulikuwa bado mbichi, na tayari uasi ulikuwa umefika milimani. Baba alipanda Lemera kumchukua dada yake, akamwagiza Mama tusitoke nyumbani mpaka arudi. Siku zikapita. Milio ya risasi ikaanza kusikika upande wa Sange, majirani wakaanza kuondoka, na Mama akawa anafagia uwanja uleule asubuhi na jioni, akisema atamngoja mumewe. Niliogopa sana, lakini mimi pia nilitaka tumngoje Baba.

Asubuhi moja Koko alikuwa uani anachagua mchele, akitoa vijiwe kimoja kimoja, kunguru akatua juu ya bati. Koko akaniita.

"Neema, macho yangu haione tena muzuri. Enda nyuma ya nyumba, uangalie ule kunguru. Usipite mbele, asikuone ku macho."

Nikazunguka. Kunguru alikuwa amenipa mgongo.

"Ku shingo iko mweupe?" Koko aliuliza kwa sauti.

"Iko mweupe, Koko."

Mama, mtu wa kanisa ambaye siku zote aliyacheka mambo hayo, aliangusha ufagio.

"Mama Neema, funga vitu," Koko alimwambia.

"Na bwana yangu? Alisema tumungoje."

"Miye ndiye nilimuzaa. Funga vitu."

Jioni tulikuwa njiani kuelekea Burundi, kwa miguu, kandokando ya ziwa. Tuliporudi, miezi mingi baadaye, nyumba ilikuwa kuta nyeusi tupu, na majirani waliobaki hatukuwakuta. Baba hatukumwona tena, wala hatukupata kujua kama alishuka akaukuta mlango umefungwa.

Nilikuwa tayari nina wajukuu siku niliyokaa ufukweni nikisubiri wavuvi, kunguru akatua karibu yangu, mgongo kwangu. Shingoni mweupe. Nikainuka nikimbie. Kisha akageuka, na fulana yake hiyo hapo kifuani. Kumbe weupe wa kunguru wa ziwani unazunguka shingo nzima! Ukiwatazama kwa nyuma, wote wawili shingo zao ni nyeupe. Koko alilijua hilo tangu zamani, na macho yaliyoona vijiwe katika mchele yangeshindwaje kumwona kunguru juu ya bati?

Nililia pale pale, mtu mzima mbele ya wauza samaki. Koko alijua kwamba tukingoja tutakufa. Lakini angemwambiaje mkwewe, tumwache mumeo, yeye ambaye mume huyo alikuwa mtoto wake? Akamwachia ndege aseme.

Mama hakuwahi kuyajua haya. Alimlaani kunguru yule mpaka anaingia kaburini. Lakini Koko, hata siku moja, Mama hakumlaumu.