Kaka wa Metrine, Shabiki wa Kocha

Titus Mukhwana alikuwa dereva wa nyumbani mjini Jeddah, lakini ungemuuliza yeye ni nani asingekutajia kazi hiyo. Angekwambia yeye ni mtu wa Sikhulu. Sikhulu ni chuo cha ufundi upande wa Bungoma, mabanda ya mabati na uwanja mmoja wa mpira wa wavu, na Titus alisoma umakanika pale bila kumaliza. Ila chuo hicho kilikuwa na timu ya wasichana iliyokuwa ikivichapa vyuo vya nchi nzima. Mtu anayelala chumba cha uani karibu na tangi la maji, anayeitwa kwa kupigiwa honi na watoto wa bosi, lazima awe na kitu chake kinachoshinda. Cha Titus kilikuwa hicho.

Kila Ijumaa watu wa Sikhulu walioko Jeddah walikutana mtaa wa Sharafiya, katika mkahawa wa Wahindi, ghorofani. Walikaa upande wa familia, nyuma ya mapazia, kwa kuwa baina yao kulikuwa na wanawake, na huko wakati ule mwanamume hakukaa meza moja na mwanamke asiye wake. Basi walidai wao ni ukoo mmoja. Mwenye mkahawa alijua ni uongo, akanyamaza kwa ajili ya chai waliyoagiza. Kukiwa na mechi, jamaa mmoja aitwaye Gilbert alisimama kando ya uwanja kule nyumbani na kutuma sauti kwenye kundi la simu, pointi kwa pointi. Jeddah simu iliwekwa ndani ya bakuli la chuma ili sauti ivume. Wakati wa sala ulipofika, mlango wa chuma ulishushwa, wateja wakafungiwa ndani kimya mpaka sala iishe. Hapo mashabiki walishangilia bila kutoa sauti, wakipunga karatasi za kufutia mikono kama mabubu arusini.

Picha ya kundi ilikuwa ya Kocha Alfayo, kifua mbele, filimbi shingoni. Titus alimheshimu kuliko marehemu babake, na alikuwa na sababu. Kocha ndiye aliyemsemea kwa ajenti hata akapata viza. Kila mwaka mpya Titus alimpigia simu, naye kocha alimwita "kijana wangu". Baada ya simu hiyo Titus alitembea wiki nzima kama aliyepandishwa cheo.

Kisha ikaja ile sauti.

Ilitumwa kwenye kundi Jumapili moja, kwa namba ya Kenya iliyo ngeni kwa wote, haina jina. Ni mwanamke, anasema polepole, kama mtu anayepita mahali penye utelezi. Anasema alichezea Sikhulu. Anasema Kocha Alfayo alikuwa akiwaita wachezaji, mmoja mmoja, kwenye stoo ya nyavu na mipira, anafunga mlango na kuwaambia kuwa namba zao kwenye timu ziko mkononi mwake. Anasema yeye alikataa, na kukataa kwake hakukusaidia kitu. Sasa bodi ya chuo imeitwa kumjadili kocha, na wasichana waliobaki wanaogopa, ndiyo maana ameamua kusema. Nyuma ya sauti yake ilisikika adhana, na mtoto akiita kwa Kiarabu.

Titus aliisikiliza ndani ya gari, nje ya shule ya watoto wa bosi. Hakuhitaji kufika mwisho. Sauti iliyokuwa ikimwita utotoni kwamba ugali umeiva, aache kuchezea baiskeli ya watu, angeitambua hata ikiwa inakohoa. Ilikuwa sauti ya Metrine, mdogo wake, tumbo moja, mfanyakazi wa nyumbani kule Riyadh.

Kuna wakati, na waliouona hawajafa wote, mwanamume akisikia habari kama hiyo juu ya dada yake alichukua fimbo na kutoka. Huenda alikosea nyumba. Huenda alirudi na jeraha na aibu. Lakini alitoka. Titus aliifuta ile sauti kwenye simu yake, akafuta na jasho la shingoni, kisha akawa wa kwanza katika kundi zima kuandika: "Uongo mtupu. Kocha, tuko nyuma yako."

Baada yake wakafuata wengine kama mbuzi waliofunguliwa zizi.

"Huyo alinyimwa namba, sasa analipiza."

"Kama ni kweli, mbona alingoja amalize chuo?"

"Kocha ana mke mrembo, huyo angemtakia nini? Atume picha tumuone."

"Hata kama ni kweli, jameni, si angengoja fainali iishe?"

Huyo wa mwisho alikuwa mzee wa kanisa. Walimpongeza kwa busara.

Wanawake wachache waliokuwa kwenye kundi hawakuandika kitu. Mmoja alijitoa, akasindikizwa na vicheko.

Jumatano Fidel, dereva wa lori la maji aliyeishi mtaa wa Kandara pale Jeddah, aligundua jambo. "Sikilizeni hiyo adhana," alisema. "Huyu mtu hayuko Kenya. Na huyo mwadhini namjua! Ni wa msikiti ulio nyuma ya chumba changu. Ananiamsha kila alfajiri, nitakosaje kumjua? Huyu mwanamke yuko hapa hapa Jeddah, anakula nasi kila Ijumaa."

Fidel alikuwa Mkristo aliyekaa miaka mingi chini ya spika moja, akadhani ameshajua waadhini wote wa Arabuni. Hakuna aliyebishana naye. Na Jeddah nzima kulikuwa na mwanamke mmoja tu aliyewahi kuichezea Sikhulu: Serah, aliyefanya kazi katika saluni ya wanawake pale pale Sharafiya. Titus alijua kuwa Fidel amekosea. Angeweza kusema neno moja tu, kwamba hiyo adhana si ya Jeddah. Aliweka alama ya kidole gumba.

Kesho yake bosi alimwamuru awapeleke Riyadh, yeye na madam, kwenye arusi, kulala usiku mmoja na kurudi. Walisafiri kutwa jangwani. Jioni madam alitaka kupita Dirah, kwenye maduka ya udi, na Titus akamtumia Metrine ujumbe, kwa kuwa alijua waajiri wake wana duka huko na wakati mwingine humleta kufagia. Walionana nyuma ya duka, kati ya maboksi. Metrine alikuwa amevaa abaya iliyomzidi urefu, mikono imechubuka kwa dawa ya kusafishia.

"Kaka, umekonda," alisema.

"Ni barabara. Wewe je, madam yako anakulisha?"

"Ananilisha." Akamtazama. "Umenitambua, sivyo?"

Titus akageukia maboksi. "Metrine, mambo hayo yameisha. Halas. Unafukua nini?"

"Hayajaisha. Fridah yuko mwaka wa kwanza, amechaguliwa kwenye timu." Fridah alikuwa binti wa shangazi yao. "Na sasa nasikia wanamwandama Serah wa watu. Kesho mkiketi, nitatuma sauti nyingine. Nitasema jina langu."

"Wee! Umerukwa na akili? Unajua watakavyokusema?"

"Tayari wananisema. Sikuombi upigane. Sikuombi umtukane kocha. Nataka useme sentensi moja: huyu ni dada yangu na ninamwamini. Wanakuheshimu. Ukisema wewe watanyamaza, na bodi kule itajua nina watu. Siku ya kwanza niliyowapigia bodi, waliniuliza, una mtu gani wa kukusimamia? Nikataja wewe."

Titus alisikia honi ya bosi. Akasema, "Nitaona."

"Usione, kaka. Sema."

"Nimesikia. Yalla, nimechelewa."

Metrine alitabasamu. Alimwelewa kuwa amekubali, kwa sababu kwao, tangu zamani, mkubwa akisema amesikia, amekubali.

Ijumaa bosi na madam walipanda ndege alfajiri kurudi Jeddah, naye Titus akaendesha gari tupu na kufika Sharafiya alasiri, macho mekundu. Ilikuwa siku ya nusu fainali. Bakuli lilikuwa mezani. Fidel alikuwapo, Duncan mlinzi alikuwapo, na wengineo, na Serah ameketi pembeni na kikombe chake, hajui lolote, kwa sababu simu yake ilikuwa imeharibika tangu mwanzo wa juma. Walingoja mpaka adhana iite na mlango wa chuma ushuke. Walikuwa wamepanga hivyo, ili asipate pa kutokea.

"Shemeji Serah," Fidel alinong'ona, maana ilibidi kunong'ona, "tuimbie kidogo ile sauti yako ya Jumapili."

"Sauti gani?"

"Eti haijui! Ile ya stoo. Ulifungiwa stoo na ukasahau ufunguo wapi?"

Wakacheka kwa pua, mikono mdomoni. Duncan alimsikilizisha rekodi, simu sikioni. Serah alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukaenda ukikauka.

"Si mimi," alisema.

"Mafi, hakuna uongo hapa, mama. Adhana ya Kandara hiyo."

"Nimesema si mimi. Ningekuwa na moyo wa huyu, ningesema zamani."

Mtu mwenye masikio angeelewa alichokiri pale. Walielewa, nadhani, maana macho yalishuka kwenye vikombe. Kisha Duncan akasema, "Kumbe kocha alikuwa na foleni!" na karatasi zikapungwa hewani, mabega yakitikisika kwa kicheko kisicho na sauti. Serah alisimama, akalifikia lile lango lililoshushwa, akashika chuma, akarudi kukaa. Hakukuwa na pa kwenda. Titus alimwangalia, akamimina chai.

Simu ikalia ndani ya bakuli. Walidhani ni Gilbert ameanza mechi.

"Mimi ni Metrine Nekesa," bakuli likasema, likivuma, ikabidi Fidel alifunike kwa kitambaa. "Sauti ya Jumapili ni yangu. Niko Riyadh. Mwacheni Serah. Kaka yangu Titus yuko hapo kati yenu. Kaka, waambie."

Vichwa vyote viligeuka. Ikawa kama kwamba mezani hakuna chakula ila Titus.

"Ni dada yako kweli?" Fidel aliuliza.

"Ni dada yangu."

"Tumbo moja?"

"Tumbo moja."

Serah alikuwa amemkodolea macho. Sentensi ilikuwa imebaki nusu. Titus aliifikiria, lazima niseme hivyo kwa haki. Midomo yake ilifunguka. Lakini aliona pia Ijumaa zilizobaki, yeye peke yake kwenye chumba cha uani na lile tangi likidondoka. Aliona kocha akikata simu yake mwaka mpya. Duncan akamsogezea simu, kidole tayari kwenye kitufe cha kurekodi, na akasema kwa upole wa kutisha, "Sema, mwenyekiti. Watu wanangoja." Hakuwa mwenyekiti. Hawakuwa na mwenyekiti.

Titus akainama juu ya simu. "Huyu ni dada yangu," alisema. "Namjua kuliko ninyi. Tangu utotoni ni mwongo. Kocha, songa mbele."

Karatasi zilipungwa mpaka zikaanguka kwenye mchuzi. Fidel alimkumbatia. Jina lake likawa Mwenyekiti tangu saa ile. Simu ya Metrine haikutuma kitu tena. Kundi lilionyesha tu kwamba amejitoa, na papo hapo Gilbert akaingia akipayuka kuwa Sikhulu wanaongoza. Sala ilipokwisha na lango kuinuliwa, Serah alitoka bila kulipia chai yake. Duncan alipiga kelele apewe deni hilo kocha.

Bodi ya chuo ilikaa. Sauti ya Titus ilichezwa mbele yake, kama maneno ya familia, na msichana akaonekana hana watu. Kocha Alfayo alihamishiwa chuo kingine kikubwa zaidi, akaagwa kwa keki. Fridah aliacha masomo kabla ya muhula kwisha, na ukimuuliza sababu anasema ada.

Metrine alimaliza mkataba, akarudi nyumbani bila kumuaga kaka yake. Baada ya muda akapata mchumba. Kwao, siku ya kuwapokea wakwe, ndugu wa kiume wa msichana husimama mbele ya wageni na kutangaza kuwa huyu mtoto ana watu, atakayemgusa vibaya atawakuta. Ni desturi iliyobaki kama mfupa, watu wameshasahau nyama yake, lakini bado inafanywa. Titus aliomba likizo, akashonesha suti, akaja na masanduku ya zawadi.

Mama yake alimpokea langoni, akamshika mkono, akampeleka kwenye hema la wageni.

"Keti hapa, baba," alimwambia. "Elijah wa baba yako mdogo ndiye atakayesimama. Metrine amependa hivyo."

"Mama, mimi ndiye kaka."

"Keti, baba. Utaletewa soda."

Akaketi. Elijah alisimama, kijana asiye na makuu, akasema yale maneno ya desturi mpaka mwisho, na Metrine, kanga mbili mabegani, hakugeuza shingo kuelekea hema. Jirani na Titus alikaa mtu mnene aliyevaa jezi ya Sikhulu chini ya koti. Alimtazama, akamtazama tena.

"Ngoja kwanza. Wewe si yule Mwenyekiti wa Jeddah?"

Titus akaisogeza soda yake karibu.

"Ni wewe bana! Ile sauti yako bado ninayo. Uliokoa timu siku ile. Ngoja nikuonyeshe."

Akaitafuta kwenye simu, akaipunguza sauti kwa adabu ya arusi, na kumsogezea sikioni. Titus angeweza kuusukuma ule mkono. Lakini mtu huyo alikuwa akimtazama kwa heshima, na katika boma lile lote hakuna mwingine aliyekuwa akimtazama. Akaegemeza sikio, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa kukubali.