Robo ya Mdomo

Ulimi wangu haukutulia kipindi kile. Ulikwenda chini kulia, ukateleza kama mguu kwenye sakafu iliyopigwa deki, kisha ukahamia kushoto, ukakwaruza ukoga, ukarudi tena kulia. Mchana kutwa. Hata ndani ya sala, Mungu anisamehe.

Sababu ni mwanangu wa kike. Kwetu Mombasa alikuwa daktari wa meno, wagonjwa wanamngoja mpaka nje ya mlango. Tulipokuja huku Wheaton, jimbo la Maryland, akaambiwa udaktari wake hautambuliki, labda aanze chuo upya, na ada yenyewe usiulize. Basi akasomea kusafisha meno, kazi ambayo kule aliwaachia wasaidizi wake. Hakulalamika. Mlalamikaji nilikuwa mimi, mpaka mama yake akaihamishia redio yangu kwenye roshani, nikalalamikie huko na njiwa.

Chuo akakimaliza, ikabaki leseni. Na leseni ina mtihani wa mikono. Nilipoelezwa sikuamini: mtahiniwa anakuja na mtu wake mwenyewe, mwenye ukoga mgumu uliojificha chini ya fizi. Ukoga ukiwa haba, mtu wako anarudishwa, na wewe umeanguka hata chombo hujashika.

Alikuwa amempata jirani yetu, dereva wa teksi, mtu wa Lamu, mtafunaji miraa tangu ujana. Mdomo uliofaa kabisa. Sasa yule bwana akajiuliza, nitakwendaje kufunuliwa kinywa mbele ya wakubwa nikiwa mchafu? Watasema nini juu ya watu wa pwani? Akaenda kliniki, akasafishwa jino kwa jino. Siku mbili kabla ya mtihani akatuingilia anang'aa, na halua mkononi.

"Dada, nimekutayarishia!"

Mwanangu akakaa kwenye ngazi. Hakumgombeza, maana mtu kafanya kwa heshima, utamgombeza vipi? Halua tukaila. Alipoondoka, mwanangu akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama.

"Baba, hebu fungua kinywa."

Akachungulia na taa ya simu. "Mashaallah! Una hazina humu."

"Miaka yote namsema apige mswaki vizuri," mama yake akasema, "kumbe anamwekea mtoto akiba!"

Nikapewa sheria. Nimeze dawa ya presha, kwa sababu ikipanda nafukuzwa. Halafu ile ngumu: wakaguzi wanakaa chumba cha peke yake, hawatakiwi kujua mtahiniwa ni nani, wanaona namba tu.

"Kwa hiyo usiseme wewe ni baba yangu. Wakijua naweza kufutiwa mtihani."

"Hata salamu?"

"Salamu toa. Ila wewe ukianza salamu, Baba, huwa unaishia kwenye ukoo."

Kweli. Mimi nimeishia darasa la nne, lakini hapana nyumba niliyowahi kuingia nisijieleze ni nani na nimezaa nani. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu asiyejieleza kwetu ni mwizi au mdai.

Siku yenyewe presha ilikataa kushuka. Nikaambiwa nikae kwanza, nitulie. Jaribu kutulia ukiambiwa utulie! Walipopima tena ikawa imekubali, kwa taabu. Mwanangu akanichoma ganzi, mdomo ukawa kama wa kuazima, nikapelekwa kwa wakaguzi na namba kifuani. Aliyenipeleka alikuwa mama wa Kikongo aliyeajiriwa kuongoza wagonjwa. Kuiona kofia yangu tu, akanijia na Kiswahili chao.

"Papa, ule dada ni mtoto yenu? Munafanana sana!"

Mlango u wazi. Wakaguzi wamekaa pale na barakoa zao, na mji huu umechanganyika, nani ajuaye nani anasikia nini? Jibu lilikuwa limeshafika kooni, na jina la babu yangu nyuma yake. Nikaonyesha shavu, nikaacha udenda ushuke mpaka kidevuni.

"Mmm," nikasema.

"Pole, Papa. Ganzi mingi."

Wakanichokoa, wakanirudisha, mwanangu akasafisha, nikapelekwa tena. Sikutoa neno. Lakini mtihani ulitaka robo ya mdomo tu! Nikarudi nyumbani upande mmoja bwana harusi, upande mwingine na ukoga wake wa zamani.

"Nimalizie basi hapa jikoni," nikamwambia.

"Sina leseni."

"Mimi ni baba yako!"

"Ndiyo nifungiwe kwa ajili yako? Na hata nikiipata, Baba, si jikoni. Ni kliniki, chini ya daktari."

Tukangoja. Yeye akifungua simu na kuifunga, mimi na ulimi wangu, kulia, kushoto. Mama yake akahama meza, akisema sauti ya ulimi inamtia wazimu.

Leseni ikatoka. Ikatoka ya Maryland tu. Kliniki iliyomtaka iko Shaw, katika mji mkuu wa nchi, vituo vichache kwa treni, na mji huo una leseni yake, na ng'ambo ya mto Virginia ina yake. Meno ni yaleyale! Akashika kazi kliniki ya Beltsville, bado Maryland, kule kwenye mashamba ya utafiti ya serikali. Ng'ombe wa mle sijui nao wana leseni.

Mgonjwa wake wa kwanza nikawa mimi. Daktari mwenye kliniki alipoingia kunikagua nikainuka kwenye kiti, kitambaa shingoni, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuokota kwamba huyu ni mwanangu, na mimi ni mtoto wa fulani, na huyo fulani babake alikuwa...

"Baba," akasema mwanangu, kioo mkononi, "lala. Fungua kinywa."