Mikono Miwili ya Kulia

Kama kidole gumba kilikuwa upande usio wake, kwa nini aliniambia nisiguse kitu?

Nilijiuliza hivyo nikiwa barazani kwetu Masasi, simu mkononi, vicheko vikimiminika kwenye kundi letu la wasapu la wachoraji.

Nilikuwa nimechora mikono ya mama akibangua korosho: mmoja umeshika jiwe, mwingine umebana korosho, vidole vimeungua vikawa vyeusi kwa maji ya ganda. Kundi lilikuwa linachagua mchoro mmoja wa kupakwa kwenye ukuta wa chekechea Lulindi, na mwenye mchoro ndiye angepewa kazi hiyo. Tangu nimalize chuo hakuna aliyekuwa ameniita kazini. Mama nilishamwambia mikono yake inakwenda Lulindi. Alicheka, kisha akaenda kuwaambia majirani.

Kundi lenyewe sikuliamini. Ukituma chochote, hata chungu kilichopinda, unarushiwa mioyo. Niliwahi kuandika, "Jamani, leo niambieni ukweli." Nikapata mioyo zaidi. Nikauliza: kama kila kitu ni kizuri, uzuri maana yake nini? Fundi, mwandika mabango wa hapa mjini aliyeanzisha kundi, akajibu, "Mwanangu, chuo kimekuharibu. Pokea sifa ulale."

Ndiyo maana nilimthamini sana mwenzangu wa Mkunya, kule Newala. Tulijuana kundini tu, hatukuwahi kuonana. Alichora kwa mkaa, na siku moja nilimwambia mbuzi wake wana nyuso za watu. Hakununa. "Asante, dada," aliandika. "Na wewe ukitaka kutuma kitu kundini, nitumie mimi kwanza. Tusidanganyane."

Tangu hapo sikutuma mchoro kabla hajaupitisha. Mikono ya mama nilimtumia asubuhi, na jibu likaja upesi: "Hapa umeua. Usiguse kitu."

Jioni nikaituma kundini. Wa kwanza kuandika alikuwa yeye.

"Samahani, huyu mama ana mikono miwili ya kulia? Tazameni kidole gumba cha mkono ulioshika korosho. Na jiwe linaelea, halina uzito."

Mmoja akadakia, "Akina mama wa Masasi hao, kushoto hawakujui!"

Nikaivika hasira yangu utani: "Newala maji hamna, maneno mnayo."

"Maji hatuna, ila mikono tunaijua," akajibu mwingine wa huko.

Fundi akafunga: "Mwanangu, si uliutaka ukweli?"

Kesho yake wakachagua mchoro wa mbuzi. Wa mwenzangu wa Mkunya.

Nilimwandikia pembeni, "Kwa nini hukuniambia mimi?" Alama mbili za buluu zikatokea. Hakujibu.

Mama alipouliza tunakwenda lini Lulindi, nilimwonyesha simu. Alinyoosha mikono yake mbele ya uso, akaigeuza, akasema, "Lakini amesema kweli, mwanangu." Hilo ndilo liliniuma zaidi. Kosa lilikuwepo, nami ningeweza kulifuta kwa dakika chache tu, kama ukweli ungenifikia kabla ya watazamaji. Niliamini mwenzangu alinitegea. Kila nilipofikiria upya, kila nilipojaribu kumtetea, nilirudi kwenye mbuzi wale ukutani.

Muda mrefu ukapita. Simu yangu ikafa, michoro yote ikapotea nayo, nikakumbuka kwamba nakala zilibaki kwenye simu ya yule mwenzangu, katika mazungumzo yetu. Nikaweka hasira kando, nikapanda kwenda Newala. Tulikutana sokoni, akanikumbatia kama ndugu, akanipa simu yake.

Nilivuta mazungumzo hadi mwanzo. Michoro yangu yote ilikuwa ukungu mtupu, kila mmoja una ule mshale wa kupakua. Niligusa mmoja, haukufunguka; ulikuwa umekaa mno bila kupakuliwa.

"Bando langu lilikuwa linatosha maandishi tu, dada," akasema. "Niliona aibu kukuambia."

Hakuwahi kufungua hata mmoja. Mikono ya mama aliiona kwa mara ya kwanza jioni ile kundini, aliponunua bando ili naye apige kura.